Kinga Hukumbuka, Lakini Je, Huwahi?

Oktoba 1977, Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23 aliyekuwa mpishi katika hospitali ya mji wa Merka, kusini mwa Somalia, alishikwa na homa. Kwanza alitibiwa malaria. Upele ulipomtoka, ikasemekana ni tetekuwanga. Kumbe ilikuwa ndui, na Maalin akaingia katika historia kama mtu wa mwisho duniani kuugua ndui iliyoenea yenyewe nje ya maabara. Alipona, na miaka mingi baadaye akajitolea kuwashawishi wazazi wa Somalia wakubali watoto wao wachanjwe dhidi ya polio. Akiwa katika kazi hiyo, Julai 2013, homa ilimshika tena na kumuua. Safari hii ilikuwa malaria kweli. Maisha ya mtu huyu mmoja yamebeba swali zima la sura hii. Ndui ikimpata mtu na akapona, kwa kawaida haimrudii mpaka anaingia kaburini. Malaria inaweza kumpata mtu mara ishirini na bado ikaja ya ishirini na moja. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mwili huwakumbuka vizuri maadui fulani na wengine huwasahau. Nakusudia kuonyesha kwamba maelezo hayo yamekosea katika msingi wake. Mara nyingi mwili unaougua tena haujasahau kitu. Umekumbuka, ila kumbukumbu imechelewa kufika.

Neno kumbukumbu lenyewe linaweza kutupoteza, maana hutuletea picha ya daftari: jina la adui limeandikwa mahali, na akirudi karani hufungua ukurasa. Katika kinga ya mwili hakuna daftari wala karani. Kuna seli hai, na wingi wake ndio habari yenyewe. Mwaka 1957, Frank Macfarlane Burnet wa Australia alitoa wazo ambalo wakati huo liliwashangaza wengi: mwili haumngoji adui aje ndipo utengeneze silaha inayomfaa. Hutengeneza kwanza aina nyingi mno za seli bila kujua zitamhusu nani, kisha adui mwenyewe, kwa kugusana na seli inayomfaa, ndiye anayeichagua iongezeke. Kila seli B na kila seli T huzaliwa na kipokezi chenye umbo la peke yake. Kwa upande wa seli B, Susumu Tonegawa alionyesha mwaka 1976 kwamba umbo hilo hutokana na vipande vya jeni vinavyokatwa na kuungwa upya kwa kubahatisha, ugunduzi uliompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1987. Kwa hiyo hata mtoto mchanga ana seli zinazoweza kukishika kirusi ambacho hakijawahi kuukaribia ukoo wake. Tatizo lake ni uchache. Kwa kipande kimoja cha kirusi, seli T zinazokitambua zaweza kuwa chini ya moja kati ya laki moja. Lazima hizo chache zikutane na adui, ziamke, zigawanyike na kugawanyika tena mpaka ziwe jeshi, na hapo wiki nzima au zaidi imeshapita. Katika maradhi yanayokuja kwa mara ya kwanza, wiki hiyo ndiyo inayoua.

Sehemu kubwa ya shughuli hufanyika ndani ya tezi za limfu, zile zikivimba kinenani watu husema wametoka mitoki. Seli B zilizoamshwa hujikusanya humo katika viota vidogo na kufanya jambo ambalo lingefanywa na seli ya ini au ya ngozi tungeogopa saratani: hubadilisha jeni zao wenyewe kwa makusudi. Katika jeni za kipokezi, kasi ya mabadiliko hupanda hadi takribani mara milioni moja ya ile ya kawaida. Mengi ya mabadiliko hayo ni hasara tupu. Machache huifanya seli imshike adui vizuri kuliko mama yake alivyomshika. Ndani ya kiota mna vipande vya adui vilivyohifadhiwa, na seli hushindana kuving'oa. Inayovipata huvionyesha kwa seli T msaidizi na kupewa ruhusa ya kuishi, isiyovipata hufa. Mzunguko huo hurudiwa kwa majuma, pengine kwa miezi, na ndiyo sababu kingamwili (protini ambazo seli B hutoa ili kumshika adui) za mwezi wa tatu hushika kwa nguvu kuliko za wiki ya pili. Mzazi anayeuliza kliniki kwa nini mtoto asipewe dozi zote siku moja akapumzika na safari anauliza swali zuri kuliko anavyodhani. Dozi inayofuata ikija mapema mno hukuta mchujo wa kwanza haujaisha, na kingamwili zilizokwisha kutengenezwa huweza kuifunika antijeni mpya, yaani kipande cha adui kilichomo katika chanjo, kabla seli hazijaiona.

Seli zinazopita mchujo huo huenda njia mbili, na njia hizo ndizo nguzo ya hoja yangu. Baadhi huwa seli za plazma. Hizi huhamia kwenye uboho wa mifupa na kukaa humo zikimwaga kingamwili mchana na usiku, maelfu kwa kila sekunde, adui awepo asiwepo. Nyingine huwa seli za kumbukumbu: hupunguza shughuli, huzunguka damuni na katika tezi, hazitoi kingamwili hata moja mpaka ziguswe. Seli T nazo zina wazee wao wa namna hii. Zaidi ya tisa katika kila kumi za zile zilizopigana hufa vita vikiisha, na zinazobaki hutulia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwanywesha watu maji mazito, yaani maji yenye hidrojeni nzito kuliko ya kawaida, baada ya kuchanjwa dhidi ya homa ya manjano, ili seli zinazogawanyika zibaki na alama katika DNA yao. Miaka baadaye alama ilikuwa bado ipo. Maana yake seli za kumbukumbu zilikuwa uzao wa zile zilizogawanyika kwa kasi katika wiki mbili za mwanzo, na tangu hapo zilikuwa hazigawanyiki hata mara moja kwa mwaka. Tena jeni zao za mapigano zilikuwa hazifanyi kazi, lakini hazikuwa zimefungwa kama za seli ambayo haijawahi kumwona adui. Zilikuwa kama mlango uliorudishwa bila kutiwa komeo.

Je, seli hizi hudumu zenyewe, au zinadumu kwa sababu adui huja kila mara na kuzichokoza? Swali hili liligawanya wanasayansi kwa muda mrefu, na wanaoshikilia hoja ya uchokozi hawakuwa wajinga, kwa kuwa katika miji mingi ni vigumu kumpata mtu ambaye hajakutana tena na ugonjwa alioupata utotoni. Ndiyo maana visiwa vina thamani. Mwaka 1846 surua ilifika katika Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Atlantiki, ambako haikuwahi kuonekana tangu mwaka 1781. Katika miezi michache watu wapatao 6,000 waliugua kati ya wakazi wasiofika 8,000. Daktari kijana wa Denmark, Peter Panum, alitumwa huko, na akagundua kwamba wazee waliokuwa wameugua surua mwaka 1781 hawakuguswa hata mmoja, ingawa wazee wenzao ambao hawakuipata wakati ule waliugua kama watoto. Miaka 65 ilikuwa imepita bila kirusi kukanyaga kisiwani. Mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo ya damu ya watu 32 waliokuwa hai wakati wa homa kubwa ya mafua ya 1918, wenye umri wa miaka 91 hadi 101, na katika damu ya baadhi yao walipata seli B zilizoweza kutoa kingamwili kali dhidi ya kirusi kile, karibu miaka 90 baadaye. Kudumu, basi, si shida. Tafuta shida mahali pengine.

Itafute katika saa. Seli ya kumbukumbu ikiguswa haitoi kingamwili papo hapo. Huhitaji kugawanyika na kugeuka seli ya plazma, na ongezeko la maana damuni huonekana baada ya siku nne hadi saba hivi. Ni haraka sana ukilinganisha na mara ya kwanza. Lakini haraka kwa nani? Chukua homa ya ini aina B. Kirusi chake huchukua siku 30 hadi 180 tangu kuingia mpaka kumuuguza mtu. Wenyeji wa Alaska waliochanjwa mwaka 1981 walipopimwa miaka 30 baadaye, karibu nusu yao kingamwili zilikuwa zimeshuka chini ya kiwango kinachohesabiwa kuwa kinga, lakini wengi wa hao walipopewa dozi moja ya kuamsha, damu yao iliitikia upesi: walikuwa wanakumbuka. Na chanjo imeendelea kuwalinda, kwa kuwa adui mwenye mwendo wa kobe huikuta kumbukumbu imeshaamka, imeshavaa na imeshatoka nje. Sasa geukia Uingereza. Novemba 1999 nchi hiyo ilianza kutoa chanjo mpya dhidi ya bakteria wa uti wa mgongo wa kundi C, watoto wakichanjwa wakiwa na miezi miwili, mitatu na minne. Watoto hao walijenga kumbukumbu nzuri iliyoonekana maabara. Hata hivyo uchambuzi wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba mwaka mmoja baada ya chanjo ulinzi wao ulikuwa umeanguka vibaya. Bakteria huyo anaweza kutoka kooni na kuingia damuni siku chache tu baada ya kumfikia mtoto, na kumuua ndani ya saa 24 tangu dalili zianze. Kumbukumbu iliyohitaji siku tano ilifika msibani. Mwaka 2006 Waingereza waliongeza dozi ya miezi 12, na lengo lilikuwa kupandisha kingamwili zilizo tayari damuni, kwa maana kumbukumbu haikuwa imepungua.

Mfano wa pepopunda uko karibu zaidi nasi, maana mama yeyote aliyehudhuria kliniki ya wajawazito Tanzania au Kenya anaijua sindano yake. Sumu ya pepopunda ni kali kiasi kwamba kiwango kinachoweza kumuua mtu ni kidogo kuliko kinachohitajika kuiamsha kinga. Aliyeugua na kupona hatoki na kinga yoyote. Naye lazima achanjwe. Hapa hata mashindano ya mbio hayapo, kwa sababu sumu ikishaingia kwenye mishipa ya fahamu hakuna kingamwili inayoweza kuifuata. Kinachookoa ni kingamwili zilizokuwepo tayari. Ratiba ya dozi tano, zikitenganishwa na majuma manne, kisha miezi sita, kisha mwaka na mwaka, imepangwa ili seli za plazma katika uboho ziwe nyingi na za kudumu. Tena mama hawezi kumpa mtoto tumboni kumbukumbu ya seli zake, lakini kingamwili zake hupita kwenye kondo la nyuma. Mtoto aliyekatwa kitovu kwa wembe mchafu hulindwa na kile ambacho uboho wa mama ulikuwa ukimwaga miezi ile.

Sasa malaria. Mbu anapouma huacha ngozini vimelea makumi, pengine mia, na vinavyofaulu huingia kwenye ini ndani ya dakika au saa chache. Huko hujificha kwa takribani wiki moja, na kila kimelea kilichosalimika hutoa makumi ya maelfu ya wengine watakaovamia chembe nyekundu za damu. Kwa kingamwili, dirisha la kukizuia kimelea kabla ya ini ni fupi kuliko muda wa kupika maharage, na kimoja tu kikipenya kinatosha. Chanjo ya RTS,S hulenga protini inayofunika kimelea katika safari hiyo fupi. Watoto waliofuatiliwa Kilifi kwa miaka saba baada ya dozi tatu walikuwa na kinga ya karibu asilimia 36 katika mwaka wa kwanza, na kufikia mwaka wa nne ilikuwa chini ya asilimia tatu. Wakosoaji waliita hiyo chanjo inayosahaulika. Mimi naona wameisoma vibaya. Kingamwili zilipanda juu sana kisha zikashuka kwa kasi, na ulinzi ukashuka nazo. Hata kama seli za kumbukumbu zilibaki, zingefanya nini katika muda mfupi hivyo? Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021, lilitaka dozi nne, na pale ambapo malaria ina msimu liliruhusu dozi za mwaka hadi mwaka zitangulie mvua. Ratiba ya namna hiyo inakubali ukweli wa saa.

Kuna pingamizi zito hapa. Mtaalamu wa malaria ataniambia kwamba nimeruka sababu iliyo wazi: kimelea hubadilisha sura. Plasmodium falciparum ana jeni zipatazo 60 za kutengeneza protini anayoitandaza juu ya chembe nyekundu, na huvaa moja leo na nyingine kesho; mafua nayo hubadilika mwaka hadi mwaka. Kwa hoja hiyo kumbukumbu haichelewi, ila imemkariri mtu ambaye amebadilisha kanzu. Nakubali sehemu kubwa ya pingamizi hili. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kinga huwa hivyo hivyo: Thomas Francis alionyesha mwaka 1960 kwamba mafua ya kwanza ya utotoni huacha alama kiasi kwamba mwili ukikutana na mafua mapya hukimbilia kwanza kingamwili za yale ya zamani, zifae zisifae. Lakini sura haimalizi maelezo. Sehemu ya protini inayolengwa zaidi na kingamwili za RTS,S ni ya kujirudia-rudia na haibadiliki sana kati ya kimelea na kimelea, na bado ulinzi ulipungua. Kuna pia ushahidi wa kale. Mwaka 1963 madaktari walitibu malaria ya Afrika Mashariki kwa kingamwili zilizotolewa katika damu ya watu wa Afrika Magharibi, na vimelea vilipungua, ingawa wachangiaji wa damu ile walikuwa wamejenga kinga yao upande wa pili wa bara. Sura hutofautiana, lakini si kila kitu usoni hubadilika.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi kwa maisha ya kawaida: kama kumbukumbu huchelewa, ya nini basi? Jibu ni kwamba kuchelewa si kushindwa. Katika hatua ya damu, vimelea vya malaria huzaliana kila saa 48, na homa huja kadiri vinavyojaa. Kumbukumbu inayofika siku ya tano haiwezi kuzuia uambukizo, lakini inaweza kuzuia kifo. Ndivyo hasa tunavyoona katika maeneo yenye malaria nyingi: mtoto hupata kinga dhidi ya malaria kali ya kuua mapema, baada ya kuugua mara chache, kinga dhidi ya homa ya kawaida huchukua miaka, na kinga ya kutoambukizwa kabisa karibu haiji. Watu wazima hutembea na vimelea damuni wakilima na kufanya biashara bila habari. Nyanda za juu za Madagascar zilitoa jaribio la asili ambalo hakuna kamati ya maadili ingeliruhusu. Malaria ilidhibitiwa huko kwa miongo, kisha ikalipuka upya miaka ya 1980, na waliozaliwa kabla ya udhibiti walistahimili zaidi kuliko vijana. Kumbukumbu ilikuwa imelala muda wote huo. UVIKO-19 ulirudia somo hilo mbele ya macho yetu: kirusi cha Omicron kilipoenea kuanzia Novemba 2021, waliochanjwa waliambukizwa tena kwa wingi, wengi wakadai wamedanganywa, ilhali kinga dhidi ya ugonjwa mkali ilikuwa imesimama vizuri zaidi kuliko kinga dhidi ya uambukizo.

Kukutana na adui tena na tena, kwa hiyo, kuna faida, ila isidhaniwe kwamba kila nyongeza ni heri. Ikiwa adui haondoki kabisa, seli T huchoka. Utafiti wa panya wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba katika uambukizo usiokoma seli hizo hubaki hai lakini huacha kuua, na baadaye ikajulikana kwamba zimejifungia breki ya protini iitwayo PD-1, ambayo dawa mpya za saratani huifungua. Kumbukumbu huhitaji kipindi cha kupumzika ili iwe kumbukumbu. Na kuna adui mmoja anayeishambulia hazina yenyewe. Surua huingia ndani ya seli za kumbukumbu kwa kutumia protini iliyo juu ya ngozi yao, na watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa walipopimwa kabla na baada ya kuugua, ilionekana mwaka 2019 kwamba walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya maradhi mengine. Hilo ndilo sahau la kweli. Ukilinganisha na hilo, malaria haijatusahaulisha chochote.

Njia mojawapo ya kuishinda saa ni kumweka mlinzi mahali adui atakapopita: zipo seli T za kumbukumbu ambazo haziranderandi, hukaa ndani ya ini, ngozi au mapafu, na watafiti wa malaria wanajaribu kuzijaza katika ini, ambako kimelea hupitisha wiki yake ya maficho. Njia nyingine huiacha kumbukumbu kando kabisa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2022, watu wazima wa vijiji vya Kalifabougou na Torodo nchini Mali waliwekewa mara moja, kabla ya msimu wa malaria kupamba moto, kingamwili iliyotengenezwa maabara, CIS43LS, inayoshika protini ile ile inayofunika kimelea. Ilikuwa imerekebishwa ikae damuni kwa muda mrefu, na hupungua kwa nusu kila baada ya miezi miwili hivi. Waliopata dozi kubwa walikingwa dhidi ya uambukizo kwa takribani asilimia 88 katika miezi sita. Seli zao za B hazikuitengeneza kingamwili hiyo wala hazikujifunza kuitengeneza, na mvua za mwaka uliofuata ziliwakuta kama walivyokuwa kabla ya sindano.